Sura ya Saba: Ufunguo Uliokuwa Edani

"Hivi mtu aliye edani anahitaji waifai ya nini?"

Swali hilo aliliuliza Bi Radhiya, jirani wa nyumba ya marehemu Wakil kule Mpendae, siku ya kwanza Inspekta Mwatum alipokwenda kupeleleza. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi, na kabla hajajibiwa akarukia habari ya paka aliyemlia samaki wake. Mwatum alilichukua kuwa ni umbea. Penye msiba majirani huuliza mengi. Hakuliandika.

Leo alikuwa amerudi Mpendae na amri asiyoipenda: kumtoa Salhiya, mjane wa Wakil, katika nyumba anayokalia eda, ampeleke kituoni na awekwe ndani mpaka mahakama imwite.

"Sheria haina likizo ya eda," mkuu wake alimwambia mjini, na wala hakupaza sauti. "Akina mama wa Bwejuu wameshtaki. Saini ni yake, ufunguo ni wake, imetoka nyumbani kwake. Kabla ya magharibi awe hapa."

Na kweli, ukiutazama juu juu, ushahidi ulikuwa umenyooka. Wakil na mkewe walikuwa mafundi wa kompyuta. Waliwatungia wakulima wa mwani wa Bwejuu programu waliyoiita Joto la Maji. Vipimajoto vilifungwa kwenye vigingi vya mashamba ya mwani, na kompyuta ya ushirika ikawaambia wenyewe maji ya upande gani yameanza kuchemka, ili wahamishe kamba zao kabla mwani haujageuka mweupe na kukatika. Halipwi mtu. Kisha siku moja kompyuta ikagoma. Ikaandika kuwa programu ina mwenyewe mpya, na asiyelipa hasomewi joto. Akina mama wakadhani ni hitilafu, wakangoja mafundi. Maji yakapata moto. Mwani wa Bwejuu ukafa wote, ukabaki kama nyuzi za pamba zilizooza.

Mwatum aliwaona wale wanawake walipokuja kushtaki. Mmoja wao, mtu mzima mwenye viganja vilivyochanwa na kamba, hakulia wala hakulaani. Alisema tu, "Salhiya tulimpenda."

Asubuhi ya leo Mwatum alipanda ngazi za nyumba moja ya Mkunazini, Mji Mkongwe, kumwona Kheir, fundi anayeilinda mashine ya ghala la programu. Kheir alimpa jibu lile lile la mkuu wake. Ghala halipokei kitu wala halihamishi kitu pasipo saini ya ufunguo wa Salhiya. Ufunguo huo hauna nakala. Umo ndani ya kompyuta yake, na kompyuta yake iko nyumbani kwake. Saini iliyoihamisha Joto la Maji ilitoka Mpendae.

"Basi ni yeye," Mwatum alisema.

"Mimi nimesema ni ufunguo wake," Kheir alijibu, akarudi kwenye kazi yake.

*

Koplo Bakar aliegesha gari mbele ya nyumba, akakaa barazani. Mwanamume asiye maharimu haingii kwa mwanamke aliye edani, na Bakar hakungoja kukumbushwa.

"Nikihitajika niite, Afande. Miye n'tapunga upepo na mbuzi hawa."

Mwatum, yeye mwanamke, akapiga hodi. Aliyefungua ni Bi Shadya, mamaake Wakil. Tangu mwanawe afariki alihamia hapa kumtunza mkwe wake. Mrefu, mkavu, tasbihi mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa ukilifinyanga fundo dogo kwenye pindo la kanga yake. Watu wazima wengi hufunga vitu vyao pinduni, na Mwatum alidhani ni karafuu au sarafu ya fakiri.

"Shikamoo, Bi Shadya."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena?"

"Nimekuja tena."

Chumbani Salhiya alikuwa ameketi juu ya mkeka, nguo yake haina ua hata moja. Nyumba nzima haikunuka udi wala asumini. Mwatum akakaa chini mbele yake na kumweleza amri ilivyo, hakuipamba.

Salhiya aliinua macho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kunitoa? Nimo edani, dada."

"Nnajua."

"Mume wangu hata kaburi halijakauka. Nitolewe nikae na watu nisiowajua, milango iko wazi, askari wanaume wanapita?"

"Ndiyo nikaja mapema. Magharibi haijafika. Nieleze mwenyewe, polepole, kama unayemweleza mtu asiyejua kitu. Hilo ghala ni ghala la nini?"

Salhiya alipangusa uso kwa mtandio. Alipoanza kusema, sauti yake ilikaa sawa. Kazi yake aliijua.

"Kompyuta zetu zinaendeshwa na Linux, na Linux si duka. Ukitaka programu huendi kuitafuta njiani. Unaagiza ghalani, inakuja. Ghala letu lina vyumba vitatu. Tumefuata mpango wa maghala makubwa ya ng'ambo. Cha kwanza ndicho kikuu. Humo haiingii programu ila yenye leseni ya wazi. Leseni inakwambia tumia, fungua uone ndani, tengeneza utakavyo, mpe mwenzako."

"Cha pili?"

"Cha pili ni cha vilivyo wazi vyenyewe, lakini haviendi mpaka viegemee kitu kilichofungwa. Ni kama taa nzima ambayo mafuta yake yako kwa mtu."

"Na cha tatu ni hicho kilichofungwa."

"Naam. Unapewa, unatumia, lakini huruhusiwi kuona ndani, au huruhusiwi kumpa mwenzako, au unatakiwa kulipa. Si kwamba ni haramu. Watu wengi hawana budi nacho. Ila mimi na Wakil tulikula yamini kompyuta zetu hazitokifungua."

"Na Joto la Maji lilikuwa cha kwanza."

"Cha kwanza, tokea siku lilipozaliwa."

"Likahamishiwa cha tatu kwa saini yako."

"Haiwezekani," Salhiya alisema. "Tokea Wakil alipofariki sijaifungua ile kompyuta. Na lau ningeifungua, ingekwenda ghalani kwa njia gani? Nyumba hii haina waya wa intaneti. Kazi zangu zote nafanyia Mkunazini, nachomeka waya."

"Watu wote wana waifai, Salhiya. Mpaka muuza urojo."

"Yangu haina." Alinyoosha mgongo. "Kile kidude cha kushikia waifai kilichomo ndani ya kompyuta yangu hakiamki bila programu ya kiwandani, na hiyo programu imefungwa. Iko chumba cha tatu. Sikuiweka. Kompyuta yangu haioni waifai, haijapata kuiona. Muulize Kheir, watu wa Mkunazini wananicheka kwa waya wangu."

Mwatum alimtazama usoni. Kisha akatazama kabatini juu, ambako kilikuwako kifurushi cha kitambaa cheupe.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Ishushe."

Salhiya akaifunua, akaiweka juu ya mkeka na kuifungua. Aliandika neno la siri akiwa ameukinga mkono wake, kama mtu aliyezoea. Kioo kikawaka.

Akaganda.

Mwatum hakujua kompyuta, lakini alijua nyuso. Amewaona watu wakijifanya wameshtuka. Hupaza sauti, hushika kichwa, huita majina ya Mungu. Huyu midomo yake ilikauka na mkono ukabaki hewani juu ya vitufe, kama aliyefungua mtungi akakuta nyoka.

"Nini?"

"Ile alama." Alinyoosha kidole. Pembeni ya kioo palikuwa na vijipinde vitatu vyeupe, kimoja juu ya kingine. "Ile ni waifai. Imeshika. Yailahi, dada, hii haijapata kuwaka."

"Una hakika?"

"Ni kama unioneshe mume wangu anakohoa barazani!"

Pale mlangoni tasbihi ya Bi Shadya ilisimama, kisha ikaendelea.

*

Salhiya alitafuta, Mwatum akatazama. Alimtaka aseme kila anachogusa kabla hajakigusa.

"Hapa yanaonekana yote yaliyoingizwa. Vyote vya chumba cha kwanza. Hiki, chumba cha kwanza. Hiki…" Akasogeza uso karibu na kioo. "Hiki ndicho. Programu ya kuamshia waifai, chumba cha tatu. Na hiki chini yake ni mlango."

"Mlango gani?"

"Mtu aliye mbali anaingia ndani ya kompyuta kama aliyekaa mbele yake. Anaona ninachokiona. Anashika ninachokishika." Aliuvuta mtandio mpaka kidevuni, asijue amefanya hivyo. "Ufunguo wangu haukuibiwa, dada. Mtu aliingia humu humu chumbani mwangu akautumia."

"Alianza vipi kuingia, ikiwa waifai ilikuwa imelala?"

"Hakuanza yeye. Kwanza ilitakiwa mtu aliye ndani ya nyumba achomeke flashi yenye vitu hivi viwili, aandike neno la siri la kompyuta, kisha aandike na neno la siri la waifai ya karibu. Basi. Hata asiyejua kitu anaweza akielekezwa kwa simu."

"Neno la siri la kompyuta nani analijua?"

"Mimi na marehemu."

Mwatum alifumba macho kidogo, akapanga. Mlango wa chumba hiki umefungwa kwa eda, na hakuna kufuli linalopita hilo. Haruki mwizi dirishani mtaa ukaacha kusema. Basi aliyeshika kompyuta ni mtu ambaye kuingia kwake hakumshangazi mtu.

"Wanaume wanaoingia humu ni nani?"

"Kakaangu Tahir peke yake. Baba mkwe alitangulia zamani."

"Tahir anafanya kazi wapi?"

"Kendwa. Hoteli." Salhiya alisita. "Dada, Tahir hapana."

"Kazi gani hotelini?"

"Jikoni."

"Na kompyuta za hoteli hiyo anaziangalia nani?"

Salhiya aliangalia mkeka. "Sabri. Walikuwa wakifanya kazi pamoja na Wakil zamani. Aliwahi kutaka kuinunua Joto la Maji, Wakil akakataa."

*

Tahir hakutafutwa. Alikuja mwenyewe na pikipiki, tenga la samaki limefungwa nyuma, akakuta koplo kwenye baraza ya dadaake na inspekta amesimama mlangoni.

"Kumetokea nini? Dada mzima?"

"Mzima. Kaa," alisema Mwatum. "Wewe na Sabri mnafanya kazi pamoja?"

"Hoteli moja. Yeye ofisini kwenye kipupwe, mimi kwenye moshi. Kwani?"

"Flashi aliyokupa iko wapi?"

"Flashi gani?"

"Usinizungushe, Tahir. Mwanamume anayeingia chumbani kwa dadaako ni wewe tu. Kompyuta ya dadaako imechezewa. Aliyeichezea yuko Kendwa, na Kendwa unatoka wewe."

Tahir alifungua kinywa, akamtazama Bakar kama anayeomba msaada. Bakar akawatazama mbuzi.

"Wallahi sikuigusa. Mimi hata simu yangu hii ikijaa picha nampa mtoto wa jirani anifutie! Nikija naweka samaki jikoni, namjulia hali dada pale pale mlangoni, naondoka. Bi Shadya shahidi. Ndiye anayenifungulia, ndiye anayenitoa."

"Kompyuta hukuitoa nje hata mara moja?"

"Sijui hata inakaa wapi."

"Neno lake la siri?"

"Nitalijulia wapi? Mambo yao wale wawili walikuwa wakisemezana wenyewe. Sisi tulikuwa tukiwaona wanacheka tu." Macho yalimjaa maji, akayageuza. "Mnamtoa dadaangu?"

Mwatum alimpima kwa macho. Alimwamini nusu. Mtu mwenye hatia huuliza watamfanya nini yeye. Huyu aliuliza ya dadaake. Lakini nusu haifungui kesi.

"Sabri alikuja msibani?"

"Alikuja. Mbona watu wengi walikuja. Yeye alikaa sana, siku ya khitma alibaki mpaka turubai likafunguliwa. Aliomba kumpa mkono wa pole mamaake Wakil, wakazungumza ukumbini. Nliwapelekea chai. Nkamsikia anamwambia, 'Haki ya marehemu isipotee, mama.' Nkamwona mtu wa maana."

Koplo Bakar aligeuka. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha usoni.

"Afande," alisema polepole. "Waifai ya nani hiyo iliyoshikwa? Nyumba hii si haina?"

Mwatum alisimama vile vile. Alisikia sauti ya mchele ukipetwa kwenye ungo wa Bi Radhiya. Hakukuwa na mchele wowote.

*

Bi Radhiya alikuwa uani kwake, anasafisha vyungu.

"Shikamoo, Bi Radhiya."

"Marahaba. Nkajua utarudi tu. Yule paka nshamwona mwenyewe wake…"

"Wacha paka. Siku ile uliniuliza mtu aliye edani anahitaji waifai ya nini. Kwa nini uliuliza?"

Bi Radhiya akashangaa kuulizwa. "Si kwa sababu waliniomba! Waifai yangu, anayonilipia mwanangu wa Maskati nipate kumwona sura. Nkaombwa neno la siri, ati Salhiya anataka kusikiliza mawaidha. Nkatoa, nitamnyima mfiwa? Lakini nkajiuliza, redio hana?"

"Nani alikuomba?"

"Alaa! Kwani wewe hukujua? Nkadhani polisi mnajua kila kitu."

"Nani, Bi Radhiya?"

"Bi Shadya."

Chungu kilimteleza Bi Radhiya mkononi kikajigonga ukutani, maana alikuwa ameuona uso wa inspekta.

*

Adhana ya alasiri ilikuwa ikimalizika Mwatum aliporudi chumbani. Wanawake watatu wakasali, Bi Shadya katikati yao akiwasalisha, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Mwatum alirukuu ubavuni kwake, akasujudu ubavuni kwake, na alipotoa salamu aliliona tena lile fundo. Bibi hakulifungua hata kwa sala.

Mwatum hakukunja mswala.

"Salhiya, neno la siri la kompyuta sitaki unambie. Nambie ni neno la namna gani."

"Ni jina, dada. Jina la kudekezwa la Wakil, alilokuwa akiitwa mdogo. Alichagua hilo kwa sababu alisema duniani halijui mtu ila…"

Hakumaliza. Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na pole pole, kama shingo inamuuma, akageuka kumtazama mamkwe wake.

Bi Shadya alikuwa ametulia juu ya mswala. Hakukataa. Hilo ndilo lililomtisha Mwatum; alikuwa amejitayarisha kwa ukali, kwa kiapo, kwa kilio.

"Nlijaribu la kwanza tu," alisema Bi Shadya. "Likafungua. Nkajua mwanangu ananiruhusu."

"Mama!" Salhiya alisema. "Mama, wewe?"

"Ndiyo, mimi. Wewe umesinzia, umelia umechoka. Na sikuiba. Kilikuwa cha mwanangu. Kafa, kaacha mama na kaacha mke. Wewe fungu lako lipo na mimi fungu langu lipo; mirathi hiyo hakuitunga Shadya. Lakini kazi yake ya miaka imewekwa njiani, apitaye achukue! Hoteli ikiitaka inachukua, mtu wa Bara anachukua. Nyumba hii ya kupanga, kiwanja hana, kaacha nini kingine? Yule kijana akanambia, mama, kuna chumba kingine ghalani, chumba chenye kufuli. Ikihamishiwa huko inakuwa na mwenyewe. Haki ya marehemu inahifadhika."

"Ina mwenyewe," alisema Mwatum. "Sabri. Malipo yanayodaiwa Bwejuu yanakwenda kwenye jina la kampuni, na wenye kampuni tumeshindwa kuwajua wiki nzima. Sasa nnadhani tunawajua. Jina la Wakil halimo popote."

Tasbihi ikateremka mapajani.

"Alinambia litaandikwa."

"Mwani wa Bwejuu umekufa wote. Wamepoteza msimu wanawake waliompikia mwanao walipokuwa wakifunga vile vipimajoto. Na wanamlaani huyu." Mwatum alimwonesha Salhiya. "Na kuna jengine sina budi nikwambie, Bi Shadya, na unisamehe. Ile flashi haikuwa ya kuhamisha kitu. Ilikuwa ya kufungua mlango. Baada ya wewe kuondoka mbele ya kompyuta ukaiacha inawaka, Sabri aliingia humu. Kwa hewa, lakini aliingia. Akakaa mbele ya vitu vyake, akatia saini kwa mkono wake. Mwanamume wa kando, katika chumba cha mke wa mwanao, naye edani. Na aliyemfungulia ni wewe."

Bi Shadya alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mikono ilimruka akajipiga kifuani mara moja, kwa kishindo.

"Hasha," alisema. "Hasha, hasha. Hilo hapana. Nlikaa mlangoni pale usiku na mchana asipite mtu! Hata Tahir, kakaake wa tumbo moja, nampitisha kwa macho!"

"Nnajua ulikaa."

Salhiya alikuwa akilia bila sauti. Lakini alisogea kwa magoti, akaigeuza kompyuta imwelekee mamkwe wake.

"Mama. Hii hukuisoma. Hii ndiyo leseni, inakaa mwanzo wa programu, popote inapokwenda inakwenda nayo. Sabri bila shaka ameifuta kwenye yake. Nakala yangu ya mwanzo ipo. Wakil aliiandika kwa mkono wake, akiwa mzima, kabla ya maradhi. Alinikataza nisikwambie. Alisema sadaka haitangazwi kwa anayefanyiwa."

Bi Shadya hakuisogelea. Mwatum ndiye aliyesoma, kwa sauti, herufi zikimsumbua kwa udogo wake.

"Programu hii ni ya kila mwenye kuihitaji. Itumie, ifungue, itengeneze, mpe mwenzako. Ukimpa, mpe na ruhusa hizi hizi, usimfungie. Nimeitoa kama atoaye kisima, haitarudi kwangu wala kwa warithi wangu. Kila atakayenufaika nayo, thawabu zake nimemkusudia mamaangu, Shadya binti Matar."

Nje mbuzi walilia.

"Haikuwa mali ya mirathi, Bi," Mwatum alisema. "Alishaitoa. Alikuchimbia kisima."

Mwanamke yule mrefu alionekana kama nguo iliyoanuliwa kambani. Alitazama kioo. Midomo yake ilipita juu ya mstari wa mwisho, ikaurudia, ikafika kwenye jina lake na kusimama.

"Na mimi nimekifukia," alisema.

"Kinafukuliwa, Mama," Salhiya alisema haraka haraka, kama anayemzuia mtu asianguke. "Kilichokwisha kutolewa wazi hakifungwi. Nakala za zamani ni halali mpaka Kiyama. Kheir ataufuta ufunguo wangu, atengeneze mwengine, airudishe chumba cha kwanza leo leo. Bwejuu watapanda tena, maji yakipoa…"

Alikuwa akisema, na Bi Shadya akitazama mikono ya mkwe wake, si uso. Kisha akalikamata pindo la kanga. Vidole vilishindwa na fundo; akalivuta kwa meno. Kilichodondoka mkekani hakikuwa karafuu wala sarafu. Ilikuwa flashi nyeusi, ndogo kama kokwa ya zambarau.

Mwatum aliiokota kwa kitambaa. "Alikuagiza uitupe?"

Bi Shadya akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukuitupa?"

Bi Shadya alilikunjua pindo lililokuwa na fundo, akalilaza gotini.

"Afande!" Bakar aliita kutoka barazani. "Kituo wanauliza. Wanasema magharibi inakaribia, yule mwanamke anakuja au haji?"

Salhiya alishtuka, akakamata ukingo wa mkeka. Mwatum aligeuza uso kuelekea mlangoni. Amri mfukoni mwake ilikuwa na jina la Salhiya. Alihitaji maelezo ya mtu mwengine, ya hiari, yaandikwe kituoni kutoka kinywani mwa mwenyewe, na maelezo kama hayo hayavutwi kwa mkono.

"Bakar! Waambie wangoje. Kisha piga Kendwa, kwa wenzetu. Sabri asitoke hotelini."

"Naam, Afande."

Alipogeuka, Bi Shadya alikuwa ameshasimama. Alikwenda msumarini akatungua baibui lake, akalivaa bila haraka, akajifunga mtandio mbele ya kioo cha ukutani kilichofunikwa shuka, kama anayejiona. Tasbihi aliivisha kwenye mkono wa Salhiya. Salhiya akaikamata ile mikono ya kizee.

"Mama, usende hivyo. Sema kitu. Nitukane basi."

Bi Shadya alijitoa mikononi mwake, taratibu, kidole baada ya kidole. Alipita ukumbini, akampita Tahir aliyesimama na tenga lake la samaki, akatia miguu kwenye viatu vyake mlangoni na kuvuka kizingiti. Koplo Bakar aliinuka barazani haraka akitaka kumfungulia mlango wa gari, lakini yule bibi alikuwa ameshaufungua mwenyewe.